Somo: Kumpa jina yavuyavu mpya, kuanzia ndoo hadi jarida

Kazi hii huharibikia majini, si maabara. Yavuyavu, au konyeza, ni maji kwa takriban asilimia 95. Ukimvua kwa wavu anachanika, na alama za kumtambulisha zimekwenda.

1. Vaa glavu, zamisha ndoo chini yake taratibu, aingie na maji yake. Andika tarehe, majira ya nukta (mahali kwa GPS), kina, na kama maji yanajaa au yanakupwa. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi usichukue hata mmoja bila kibali.

2. Mweke kwenye beseni jeusi angali hai. Mpige picha juu, ubavuni na chini. Pima kipenyo cha mwavuli, yaani kofia ya mwili wake. Hesabu minyiri, mikono ya mdomo, na ropalia, vile vinundu vya ukingoni vya kuhisi mwanga na mizani ya mwili. Wengi wana 8. Wenye mwavuli wa kisanduku wana 4. Rangi iandike hapo hapo, dawa huifuta.

3. Kata kipande cha ukingo, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, utie kwenye ethanoli ya asilimia 96. Kesho yake badilisha ethanoli, maana maji ya mwili wake yameshaizimua. Hatua hii itangulie formalini, dawa ya kuhifadhi mwili inayovunja DNA.

4. Mwili uliobaki: formalini ya dukani sehemu 1, maji ya bahari sehemu 9. Si maji ya bomba, yatamharibu umbo. Changanyia nje penye upepo, ni sumu. Lebo ya penseli itumbukie ndani ya chupa.

5. Linganisha na maelezo ya awali ya kila spishi ya jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu naye, pamoja na COI na 16S, jeni zinazotumika kutofautisha spishi. Hapa pupa huponza: yavuyavu mchanga hana umbo la mkubwa.

6. Chagua holotipu, yaani sampuli moja inayobeba jina, taja makumbusho inakohifadhiwa, tamka wazi kuwa spishi ni mpya. Jarida likiwa la mtandaoni tu, lazima kazi isajiliwe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama.

Maswali

*Mwalimu, nimemkuta mkavu mchangani Msimbati. Anafaa?*
Kanuni za kutoa majina hazikatazi, ndugu yangu, ila minyiri imeshakatika, utaeleza nini? Ukiwa na kibali, chukua kipande cha DNA, kisha mtafute aliye hai.

*Naweza kutumia jina la bibi yangu, Halima?*
Ndiyo, dada: *halimae*, kwa herufi ndogo. Ukitaka mahali, *mikindaniensis*. Jenasi ikiwa ya jinsia ya katikati kwa Kilatini, *mikindaniense*.