SOMO: Mashudu kwa nguruwe wanaokua. Soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza

Wiki hii nimepigiwa simu na watu sita kwa swali lile lile: "Soya imepanda bei, niweke mashudu gani (makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta) badala yake?" Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Nafuga Kasese, Uganda, nguruwe wa kunenepesha, na chakula nachanganya mwenyewe kwa koleo juu ya sakafu ya saruji. Ninayoyasema ni ya nguruwe wa kilo 25 hadi 50 hivi. Walioachishwa kunyonya juzi chakula chao ni kingine.

Hatua ya 1. Pima nguruwe kwa mizani au utepe. Usikisie.

Hatua ya 2. Usinunue protini, nunua laisini.
Muuzaji atakwambia alizeti ina protini 26 kwa mia, pamba 35, soya nzima 36, nawe utaona pamba na soya ni ndugu. Si ndugu. Protini ina vipande vingi, na kwa nguruwe anayelishwa mahindi na pumba, kipande kinachoisha kwanza ni laisini. Kikiisha hicho, vingine hata viwe tele vinatoka kwenye mkojo. Kilo 18 za soya iliyokaangwa zina karibu gramu 400 za laisini. Ukizitafuta gramu hizo kwenye mashudu ya alizeti yenye maganda, utahitaji kama kilo 44, na humo mna kilo kumi na zaidi za nyuzinyuzi. Ng'ombe anaziweza. Nguruwe wa kilo 30 atashiba maganda, banda litajaa kinyesi, na mgongo wake utabaki mwembamba vile vile. Kwa hiyo mashudu hupunguza soya, hayaiondoi.

Hatua ya 3. Kaanga soya. Mbichi ina kizuizi kinachomzuia nguruwe kusaga protini. Moto wa wastani, koroga bila kuacha, mpaka iwe kahawia na harufu ya maharage mabichi ipotee. Ikiwa nyeusi, umeunguza laisini uliyoilipia.

Hatua ya 4. Mashudu ya pamba.
Hapa niliharibu, kwa hiyo hapa nitakaa. Msimu mmoja mashudu ya pamba yalishuka bei kuliko hata pumba, nikaweka kilo 30 katika kila kilo 100 za chakula. Mwezi mzima walikula vizuri. Wiki ya sita, asubuhi, nikamkuta mmoja ameketi kitako kama mbwa, mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka haraka ilhali hajatoka bandani. Jioni alikufa. Ndani ya siku nne wakafuata wawili, na hao ndio walionona kuliko wenzao wote. Majirani walisema ni homa ya nguruwe, wakaacha kupita hata njia ya kwangu. Daktari wa mifugo alipompasua wa tatu, kifua kilijaa maji ya rangi ya majani makavu, na moyo ulikuwa umevimba na kulegea. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Unawalisha nini?"

Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa huifunga, la nguruwe haliwezi. Hujikusanya mwilini kidogo kidogo, inagonga moyo, na dalili huja baada ya wiki kadhaa, wakati wewe umeshaamini chakula ni kizuri. Kikomo cha nguruwe ni gramu 10 za gosipoli huru, yaani ambayo haijafungwa, katika kilo 100 za chakula chote. Mashudu ya mashine ya moto mara nyingi yana gramu 20 hadi 50 katika kilo 100. Yaliyokamuliwa bila moto wa kutosha yana zaidi, na mbegu nzima ndiyo mbaya kabisa. Piga hesabu: kilo 30 za mashudu yenye gramu 50 tayari ni gramu 15.

Tena huo moto unaofunga gosipoli huifunga kwenye laisini. Sumu inapungua, na chakula kinapungua pamoja nayo.

Shika haya:
- Chini ya kilo 40, usiweke kabisa.
- Juu ya hapo, kilo 10 katika 100 ndiyo mwisho, na soya ibaki.
- Dume la mbegu na majike wa kuzaa, usiwape. Gosipoli huharibu uzazi wa dume.
- Nguruwe akifa ghafla, usile, usiuze, ita daktari. Kwa macho hutatenganisha gosipoli na homa ya nguruwe, na homa ile itamaliza kijiji.

Hatua ya 5. Mchanganyo wangu wa kilo 100: pumba za mahindi 40, mahindi yaliyoparazwa 25, soya iliyokaangwa na kusagwa 18, mashudu ya alizeti 10, mukene (dagaa wakavu) 5, chokaa ya mifugo 1, chumvi nusu kilo (iondoe ikiwa mukene ina chumvi), premiksi (vitamini na madini) nusu kilo. Protini inafika karibu 18 kwa mia, laisini karibu 0.9 kwa mia. Vile vidogo changanya kwanza na beseni moja la pumba, ndipo umwage kwenye lundo.

Hatua ya 6. Badilisha chakula polepole kwa siku saba.

Hatua ya 7. Maji muda wote.

---

MASWALI

Kijana wa Hima: Naomba fomula ya nguruwe boss.

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mfugaji Mzoefu: Mimi nawapa pamba mwaka wa tatu na hawafi. Mnatisha watu bure.

Mwandishi: Sikuandika kwamba kila gunia linaua. Kiwanda chako huenda kina moto wa kutosha, au unaweka kidogo. Hujasema kiasi, hujasema uzito wa nguruwe. Mimi nimezika watatu na kiasi nimekitaja.

Mama Neema, Bweyale: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu tunakamua simsim, mashudu yanabaki mengi. Naona yana mafuta na nguruwe wanayapenda. Yanaweza kushika nafasi ya alizeti?

Mwandishi: Marahaba mama, swali zuri sana. Simsim ina methionini nyingi, kipande kingine cha protini, lakini laisini yake ni ndogo, kama alizeti. Kwa hiyo ndiyo, inaweza kuchukua zile kilo 10 za alizeti, ila usiiguse soya wala mukene. Angalia mafuta: ya kukamua kwa mkono hubaki na mafuta mengi, na hayo huchacha. Chukua kiasi cha kiganja, nusa. Ukisikia harufu ya rangi ya kupaka ukuta, acha. Kamua kidogo, lisha ndani ya wiki mbili tatu, na magunia yakae juu ya mbao, yasiguse ukuta.

Boda wa Busia: Mashudu ya karanga yangu yameota ukungu kidogo tu pembeni. Nikianika juani si yatafaa?

Mwandishi: Hapana. Jua linakausha ukungu, sumukuvu, sumu ya ukungu inayoharibu ini, inabaki. Hata pale usipoona ukungu inaweza kuwemo.

Boda wa Busia: Basi nimpe kuku?

Mwandishi: Hapana ndugu. Kuku naye ana ini. Choma.

Mwanafunzi wa Mifugo: Mzee, darasani tuliambiwa chuma hufunga gosipoli. Mbona hukukitaja?

Mwandishi: Kwa sababu kinataka maabara, na wengi wetu hatupimi. Lakini umesoma vizuri, nikueleze. Kila gramu ya gosipoli huru inahitaji gramu moja ya chuma. Salfeti ya chuma, ile ya chembechembe za kijani, moja ya tano yake ndiyo chuma, kwa hiyo ni gramu 5 za salfeti. Njia hiyo huaminika mpaka gramu 40 za gosipoli katika kilo 100 za chakula, isizidi. Ukikisia bila kupima, chuma kingi nacho ni sumu. Na hakirudishi laisini iliyofungwa. Ukipata nafasi chuoni, leta sampuli za viwanda vya huku, nitakuchangia nauli.

Kalangala Kwetu: Huku kisiwani tuna mashudu ya kokwa za mchikichi.

Mwandishi: Protini yake ni kama 16 tu, nyuzinyuzi nyingi, na ina chengachenga wasizozipenda. Yafikirie kama pumba. Wape wakubwa, anza na kilo 10 katika 100.

Mama Neema, Bweyale: Asante mwalimu. Na mukene? Niliyonunua juzi ilikuwa nzito ajabu.

Mwandishi: Mchanga, mama. Saga mukene kiasi cha kiganja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika moja. Mchanga utakaa chini na utauona.

Dada wa Katwe: Nami naonja kwanza. Wengine huikausha na chumvi, na ukiongeza nusu kilo juu yake nguruwe wanashinda kwenye maji.

Mwandishi: Kweli kabisa dada. Ikiwa na chumvi, ile nusu kilo ya Hatua ya 5 iondoe. Nimeongeza huko juu sasa hivi.