Kupima moshi na vumbi la hewani vijijini Tanga, na kutambua vinatoka wapi

Ukisimama jioni katika kijiji kilicho kati ya Muheza na Pangani, utaona moshi wa jikoni ukipenya kwenye makuti, vumbi la barabara likitimka nyuma ya bodaboda na, masika yanapokaribia, shamba linalochomwa kwa ajili ya kulima. Vyote huingia katika pumzi moja, lakini namna ya kukabiliana na kila kimoja ni tofauti. Kwa hiyo kazi ya kupima haiishii kwenye kupata namba, bali pale unapoweza kueleza namba hiyo imetoka wapi.

Chembe zinazopimwa zaidi ni PM10, ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 10, na PM2.5, ambazo hazizidi mikromita 2.5 na hufika ndani kabisa ya mapafu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, wastani wa PM2.5 haupaswi kuzidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka, wala 15 kwa saa 24. Kwa PM10 viwango hivyo ni 15 na 45.

Kifaa cha bei nafuu ni kihisi cha mwanga, ambacho humulika hewa na kukadiria chembe kutokana na mwanga unaotawanyika. Kinafaa kwa sababu hutoa kipimo kila dakika, ila vumbi la chembe kubwa hulipunja, na unyevu hukidanganya. Alfajiri moja huko Pangani nilikuta kihisi nilichokifunga kwenye nguzo ya baraza kikionyesha maikrogramu 85, ilhali hapakuwa na moto uliowashwa na umande ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye bati. Jua lilipopanda, kikashuka hadi 20 bila mtu kuzima chochote. Chembe za chumvi ya bahari hunyonya maji na kuvimba, hasa unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, na kihisi huhesabu maji hayo kama uchafu. Rekodi unyevu pamoja na kila kipimo, na usomaji wa saa zenye unyevu mwingi uutie alama, usiuchanganye na mwingine kabla ya kuurekebisha.

Marekebisho hayo yanahitaji njia ya pili, yaani pampu na kichujio, ambavyo huwekwa kando ya kihisi kwa siku kadhaa. Kichujio hupimwa uzito maabara kabla na baada ya kazi, katika chumba chenye joto na unyevu usiobadilika. Tuseme pampu imevuta mita 1 ya ujazo kwa saa, kwa saa 24, na kichujio kimeongezeka uzito wa miligramu 0.96: hizo ni maikrogramu 960, ukigawanya kwa mita 24 za ujazo unapata 40 kwa kila mita, namba ya kulinganisha na wastani wa kihisi kwa saa hizo hizo. Chukua pia kichujio kimoja kisichovutiwa hewa, ukisafirishe na vingine kwenda na kurudi. Kikiongezeka uzito, ujue vyote vimepata uchafu njiani, hivyo kiasi hicho kipunguzwe.

Jikoni, omba ruhusa kwa mama mwenye jiko na umsihi apike kama siku zote. Weka kifaa mita 1 kutoka kwenye mafiga, kimo cha mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, na mita 1.5 mbali na mlango au dirisha. Weka kingine uani, mbali na ukuta na miti. Katika daftari andika saa ya kuwasha moto na kinachowaka: kuni kavu au mbichi, makumbi, vifuu au mkaa. Hakikisha unajua saa ya kifaa chenyewe, kwani vingi hufuata saa ya dunia (UTC), ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu; kikiandika 15:00, hapa ni saa kumi na mbili jioni, wakati wa kupika.

Saa ndiyo dalili ya kwanza ya chanzo. Ukichora vipimo vya siku, mlima wa alfajiri na mwingine wa jioni huelekea jikoni. Unaopanda mchana wakati wa kiangazi, magari yakipita, huelekea barabarani. Dalili ya pili ni upepo: linganisha vipimo vya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na vya kusi, kisha uangalie tanuri la mkaa au korona ya mkonge, yaani kiwanda cha kukamua nyuzi zake, iko upande gani. Ya tatu ni uwiano wa PM2.5 na PM10: moshi karibu wote ni PM2.5, ilhali vumbi la udongo lina sehemu kubwa ya chembe zinazozidi hapo. Uwiano huo uutafute kwa vichujio, si kwa kihisi cha bei nafuu. Maabara ikiweza kuchunguza vichujio, potasiamu na levoglukosani (kemikali inayotokana na mimea kuungua) huonyesha kuni na majani yaliyoungua, silikoni na aluminiamu huonyesha udongo, na sodiamu pamoja na klorini huonyesha bahari, ambayo hakuna mwanakijiji wa kulaumiwa kwayo.

Pima angalau wiki moja katika kila msimu. Kisha chora mchoro wa siku, urudi nao kwa mama yule, umwonyeshe mlima mrefu kuliko yote na umuulize siku hiyo alipika nini, kwa kuni zipi, na kama mlango ulikuwa wazi. Jibu lake liandike kando ya namba.