Wiki moja ya skii Val Thorens: panga hivi, hatua kwa hatua

Kwa misimu saba kazi yangu imekuwa kuwavalisha watu viatu vya skii katika duka la kukodisha vifaa huko Val Thorens, Ufaransa. Kila Jumamosi jioni wageni wapya wanamiminika, na baada ya dakika chache za mazungumzo nishajua nani atafurahia wiki yake na nani atakuwa amekaa hotelini Jumanne, miguu imevimba. Ujasiri hauna nafasi kubwa hapo. Kikubwa ni yale mtu aliyoyaamua, au aliyosahau kuyaamua, miezi minne nyuma. Na siku hizi Kiswahili nakisikia dukani mara kwa mara: familia zinazoishi London, vijana wa Brussels wenye asili ya Bukavu, mara mojamoja wanandoa waliotoka moja kwa moja Dar. Hao ndio ninaowaandikia.

Hatua ya 1: Jua unalipia nini unapolipia urefu

Val Thorens inajulikana kama kijiji cha skii kilicho juu kuliko vyote Ulaya. Unalala mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo uko kati ya lango la Marangu na kambi ya Mandara, na mchana kebo inakupandisha hadi mita 3,200 kwenye kilele cha Cime Caron. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi zipatazo 6. Kwa sababu hiyo theluji inakaa hapa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Mei, wakati vijiji vilivyo bondeni vinaomba dua inyeshe.

Hilo ndilo tangazo linalokuambia. Lisilokuambia ni kwamba huku juu hakuna mti hata mmoja. Mawingu yakishuka, ardhi na mbingu vinakuwa rangi moja. Huoni mteremko, huoni nundu, wakati mwingine hujui hata kama unasonga au umesimama. Wenyeji wanaiita siku nyeupe. Miti ndiyo ingelipa jicho kitu cha kushikilia, na miti iko chini, upande wa vijiji jirani vya Méribel na Courchevel. Upepo nao ukizidi, lifti za juu (viti na vibanda vya kebo vinavyopandisha watu mlimani) zinafungwa. Kwa hiyo ukija siku sita, hesabu tano. Anayekuja kwa siku tatu tu huku juu anacheza kamari, na mimi simshauri.

Hatua ya 2: Tarehe kwanza, mengine baadaye

Wiki za kuepuka ni mbili za Krismasi na Mwaka Mpya, na zile nne za likizo za shule za Ufaransa kuanzia Februari. Wafaransa wameigawa nchi yao katika kanda tatu, A, B na C, ili watoto wasifunge shule kwa pamoja. Matokeo yake foleni na bei ya juu vinadumu karibu mwezi mzima, na shule za Uingereza nazo huwa na mapumziko yao katikati ya Februari hiyohiyo.

Januari, baada ya sikukuu, bei inashuka, lakini baridi ni ya kuuma mifupa na jua linatua mapema. Kwa mtu aliyezaliwa pwani kama mimi (Tanga, kwa anayeuliza) naona wakati mzuri kabisa ni katikati ya Machi. Siku ni ndefu, mchana unaweza kula nje ukiwa umefungua zipu ya koti, na kwa urefu huu theluji bado iko tele. Alasiri tu ndiyo inaanza kulainika kama uji.

Waislamu wenzangu watazame kalenda: miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Hewa ya juu ni kavu na unapoteza maji kwa kupumua tu. Mtu aliyefunga anaweza kutembea na kupiga picha, lakini kujifunza skii bila kunywa maji kutwa nzima ni kujitafutia ajali.

Hatua ya 3: Viza na bima, ambavyo watu huvichanganya

Unaomba viza ya Schengen kwa nchi utakayokaa zaidi, yaani Ufaransa, hata kama ndege yako inatua Geneva. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usifike huko kwenye 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Unayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, kibali chako cha ukaazi hakikuondolei viza. Mwenye kibali cha Ubelgiji au Ujerumani ndiye anayepita bila kuomba.

Viza inadai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na hapo ndipo watu wanapojiona wameshamaliza. Isome hiyo bima. Nyingi za bei nafuu zinaandika kwa herufi ndogo kwamba michezo ya baridi haimo. Na hapa Ufaransa ukivunjika mguu mlimani, kushushwa na waokoaji kwa machela ya theluji kunalipiwa, na helikopta usiseme. Dirishani wanapouza pasi ya lifti utaulizwa kama unataka Carré Neige, bima ya siku kwa siku ya mambo hayohayo. Ni euro chache. Kama bima yako haisemi wazi kwamba inagharimia skii, ichukue.

Hatua ya 4: Uliza mwili wako kabla ya kulipa

Kwenye mita 2,300 kila pumzi inakupa takriban robo pungufu ya oksijeni unayoipata ufukweni. Mtu wa Eldoret hatahisi kitu. Mtu wa Nairobi atahema kidogo kwenye ngazi. Mtu wa Dar, Mombasa au Muscat atarajie usiku wa kwanza wenye kichwa kizito na usingizi wa mang'amung'amu. Kunywa maji, pombe iache siku mbili za mwanzo, na siku ya kwanza fanya nusu siku tu.

Jambo moja halimo katika miongozo ya Kizungu. Kama una selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, usilipie chochote kabla ya kuongea na daktari wako. Oksijeni kidogo, baridi na ukosefu wa maji ni vitu vitatu vinavyochochea maumivu yake, na hapa vyote viko mahali pamoja. Hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, ambaye nyumbani hajawahi kuumwa, amwambie daktari anakokwenda. Kuna visa vichache vya watu kama hao kuathirika bandama milimani.

Hatua ya 5: Njia ya kupanda

Unaweza kutua Geneva, Lyon, Chambéry au Grenoble. Treni inakufikisha Moûtiers, bondeni, na basi linapanda kilomita 37 za kona. Kama unatapika garini, kaa mbele.

Ukija na gari lako, sheria ya Ufaransa inataka tairi za baridi au minyororo katika maeneo ya milima kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Jizoeze kufunga minyororo nyumbani, mchana, ukiwa na akili timamu. Kuegesha lazima uweke nafasi mapema, kwa sababu gari halizururi kijijini: unashusha mizigo, unalipeleka maegesho, unalisahau kwa wiki. Jumamosi bonde zima kuanzia Albertville linaziba, maana nyumba nyingi zinapangishwa Jumamosi hadi Jumamosi. Ukipata ya Jumapili hadi Jumapili, ichukue hata kama jiko lake ni dogo.

Tukifika kwenye jiko: maji huku yanachemka kwenye nyuzi kama 92. Ugali unaiva vizuri. Maharage makavu hayaivi, nakuambia kwa uchungu, niliyachemsha mara moja tangu adhuhuri hadi usiku na tukaishia kula mkate. Leta ya kopo. Na nunua mahitaji bondeni, kwa sababu dukani huku kila kitu kimepandishwa bei kwa kisingizio cha zile kona.

Hatua ya 6: Pasi ya lifti, usijitie ukubwa

Val Thorens ni sehemu ya Les 3 Vallées, kilomita 600 za njia zilizounganishwa na lifti. Pasi ya siku sita ya eneo lote kwa mtu mzima imeshapita euro 350. Anayeanza haihitaji. Wiki nzima atakuwa kwenye mteremko mmoja rahisi, wa kijani, mbele ya kijiji, na pasi ya Val Thorens pekee, au ile ya wanaoanza, inamtosha na kubaki.

Rangi za njia ni nne, kutoka rahisi hadi ngumu: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Ila buluu ya asubuhi yenye theluji laini na buluu hiyohiyo saa kumi jioni ikiwa imeganda kioo ni njia mbili tofauti.

Ukichukua pasi kubwa, andika mkononi saa ya lifti ya mwisho ya kurudi. Msimu wangu wa kwanza nilikwenda Méribel nikanogewa. Nilipofika chini ya lifti inayopanda Mont de la Chambre, mhudumu alikuwa anafunga mnyororo. Kwa ramani kijiji changu kilikuwa nyuma ya mlima ule pale. Kwa barabara, teksi inashuka hadi bondeni kisha inaanza upya zile kilomita 37, na nililipa mshahara wa siku mbili. Saa tisa alasiri geuka nyumbani.

Hatua ya 7: Vifaa, na hapa nisikilize

Usinunue skii. Kodi. Lakini chagua viatu kama unavyochagua mke au mume, kwa uvumilivu. Kiatu cha skii kinapimwa kwa sentimita za unyayo, na kazi yake ni kubana. Vaa soksi moja nyembamba na ndefu. Mbili zinakunjana na kuzuia damu isipite, na mguu ndipo unapoganda. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kuegemea mbele, virudi nyuma, na kisigino kisiinuke hata kidogo. Watu wanachukua kubwa kwa sababu dukani inastarehesha, halafu mlimani mguu unaogelea ndani na kucha zinageuka nyeusi. Kikikuumiza siku ya kwanza, rudi. Duka la maana linabadilisha bila malipo na bila kununa.

Ukiulizwa uzito, sema kweli. Akina dada, na akina kaka pia, wanapunguza kilo kumi mbele ya foleni. Ninachoandika hapo ndicho kinachoamua skii ifyatuke kutoka mguuni kwa nguvu kiasi gani unapoanguka. Ukidanganya kwenda chini inafyatuka hovyo katikati ya kona. Ukidanganya kwenda juu haifyatuki, na goti ndilo linalopinda.

Helmeti zinakodishwa pia. Nywele zako zipange kabla ya safari: twende kilioni iliyolala kichwani inaingia bila shida, lakini rasta nene zilizofungwa fundo juu hazitaingia, na shanga zitakuchoma fuvu kutwa nzima. Hijabu nyembamba ya michezo inakaa vizuri chini ya helmeti.

Vya kununua ni nguo za ndani za joto zisizo za pamba (pamba ikilowa jasho inakugandisha), glavu nzuri, na miwani ya theluji. Ngozi nyeusi inaungua, msidanganyane. Mionzi inaongezeka kama asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya inairudisha mingi kukupiga kutoka chini, hadi ndani ya matundu ya pua. Paka mafuta ya kujikinga na jua, midomo usiisahau, na usiku jipake mafuta ya mgando.

Hatua ya 8: Mwalimu

Weka nafasi ya mwalimu siku ileile unayoweka nyumba, hasa kwa watoto. Shule za Kifaransa za ESF ndio wale wa jaketi nyekundu. Zipo na nyingine. Omba darasa la Kiingereza kama Kifaransa chako ni cha salamu. Usikubali kufundishwa na shemeji anayejua. Nimeona ndoa zikitikisika kwenye mteremko wa kijani.

Asubuhi baada ya theluji nzito utasikia milipuko milimani. Usijifiche chini ya kitanda kama mgeni wangu mmoja kutoka Goma, maskini, ambaye hakuna aliyekuwa amemwonya. Ni wafanyakazi wanaiporomosha theluji kwa makusudi kabla njia hazijafunguliwa. Hatari ya maporomoko inatangazwa kila siku kwa namba 1 hadi 5, lakini wewe baki ndani ya nguzo za njia, hata kama theluji ya pembeni inakuita kwa jina.

Hatua ya 9: Ijumaa jioni

Rudisha vifaa Ijumaa lifti zikifungwa, usingoje Jumamosi asubuhi, tunakuwa na foleni hadi barabarani. Kisha safisha nyumba. Apatimenti nyingi huku mpangaji ndiye anayedeki na kutoa taka kabla ya kuondoka, na mashuka mara nyingi ulitakiwa uje nayo au uyalipie. Dhamana yako inategemea hilo jiko. Na kagua namba iliyobandikwa kwenye viatu unavyorudisha, maana kila wiki kuna mtu anatuletea viatu vya jirani yake.