Jinsi ya kupeleka ombi la wananchi barazani mpaka lijibiwe

Maombi mengi ya wananchi hufia ofisini kwa sababu hakuna anayelazimika kuyajibu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta saini hata moja, fahamu kwanza mwenye kalamu ni nani: ni ofisi ipi inayoweza kisheria kusema ndiyo? Diwani hawezi kubadili sheria ya bunge, hata umpelekee watu elfu.

Hatua ya 1: Dai moja, sentensi moja. "Tunataka usalama" haijibiki. "Tunaomba baraza litenge fedha za taa sita za barabarani kati ya shule na zahanati katika bajeti ijayo" inajibika. Ukiona umeandika "vilevile", hilo ni dai la pili. Liandalie ombi lake. Ukirundika madai manne, wakubwa watatekeleza lile jepesi na kuyanyamazia mengine.

Hatua ya 2: Tarehe. Ulizia rasimu ya bajeti inafungwa lini, kisha rudi nyuma wiki sita. Ukichelewa, unangoja mwaka mzima.

Hatua ya 3: Saini. Hapa usiwe na haraka. Dai liandikwe lote juu ya kila karatasi, la sivyo utaambiwa watu walisaini wasichokijua. Chora safu za jina kamili, mtaa, tarehe na saini. Mistari kumi inatosha. Karatasi zipewe namba, na chini kabisa liwepo jina la aliyekusanya. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Mtu asimsainie mwenzake, hata mume kwa mkewe.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1848 huko Uingereza, vuguvugu la Chartist lilitangaza saini zaidi ya milioni 5 za kudai haki ya kupiga kura. Makarani wa bunge walipohesabu walipata chini ya milioni 2, tena limo na jina la Malkia Victoria. Dai likageuzwa kichekesho, ingawa matano kati ya mambo sita waliyoyataka yalikuja kuwa sheria baadaye. Afadhali saini 200 safi.

Usipige picha karatasi hizo na kuzisambaza mitandaoni. Umekabidhiwa majina ya watu, yatunze. Pale ambapo kusaini kunaweza kumponza mtu, tumia barua ya chama au kikundi chenye viongozi walio tayari kujulikana.

Hatua ya 4: Kukabidhi. Toa nakala mbili. Nendeni watu watatu masijala, mwache ombi halisi, na nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Nyingine mpeni diwani anayewaunga mkono. Karani akikataa kugonga muhuri, msigombane naye. Tumeni kwa rejista ya posta na mtunze risiti.

Hatua ya 5: Kufuatilia. Wengi huchoka hapa, na ofisi zinalijua hilo. Baada ya siku 14 andika barua fupi inayotaja tarehe ya muhuri. Mwombe diwani aliingize kwenye ajenda, hudhurieni kikao kama kiko wazi kwa umma, kisha ombeni muhtasari wake. Mkiambiwa "tunalifanyia kazi", ulizeni: nani, lini, kwa fedha kiasi gani? Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Ikiandikwa "hakuna fedha", ombi lenu lijalo lioneshe kifungu cha bajeti ambacho fedha hizo zinaweza kutoka.