Namna ya Kuisoma Silaha ya Mnyama: Pembe, Chonge na Ukubwa wa Dume

Mtu akizitazama pembe za tandala dume, zilizojisokota hadi kupita urefu wa mita moja, aghalabu humfikiria simba na kudhani kwamba zimeota kwa ajili ya kujikinga. Maelezo hayo huvunjika mara tu anapomtazama tandala jike, ambaye hana pembe kabisa ilhali huwindwa na simba yuleyule, katika kichaka kilekile, na mara nyingine akiwa na ndama wa kulinda. Silaha ambayo nusu ya spishi haina haiwezi kuelezwa kwa adui anayeikabili spishi nzima.

Charles Darwin alilijadili jambo hili kwa kirefu mwaka 1871, alipopambanua kati ya uteuzi asilia, unaompendelea anayefaulu kuishi, na uteuzi wa kijinsia, unaompendelea anayepata wa kuzaa naye kwa kuwashinda wenzake wa jinsia yake au kwa kuchaguliwa na jinsia nyingine. Mwaka 1972 mwanabiolojia Robert Trivers aliongeza sababu: jinsia inayogharimika zaidi katika kuzaa na kulea huwa adimu, na ile isiyogharimika sana huigombania. Katika spishi nyingi wagombanao ni madume, lakini kanuni yenyewe ni ya gharama, si ya udume, na tofauti hiyo itatufaa hapo mbele. Mwongozo huu unahusu mapigano tu. Rangi, nyimbo na ngoma za kumvutia jike zina taratibu zake.

Anza kwa kulinganisha dume na jike waliokomaa wa spishi moja, na usiishie kwenye swali la nani ana silaha na nani hana. Choroa, nyumbu na nyati huwa na pembe, madume kwa majike, na mtazamaji wa haraka angesema kwamba uteuzi wa kijinsia haukugusa kitu hapo. Tazama unene wa pembe pale inapotoka kichwani. Za dume kwa kawaida ni nene zaidi, kwa kuwa hupokea vishindo vya dume mwenzake, na za jike ni nyembamba na huelekea kunyooka zaidi, umbo linalofaa kuchomea. Aidha, majike wenye pembe katika jamii hii hupatikana zaidi miongoni mwa spishi kubwa zinazoishi mahali peupe pasipo na maficho, jambo linaloelekeza kwamba jike anazo hasa kwa ajili ya mwindaji. Kiungo kimoja basi kinaweza kutumikia mabwana wawili. Reinidia, jamii ya kulungu wa nchi za baridi, wanafundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine: dume aliyekomaa huangusha pembe zake baada ya msimu wa kupandana, lakini jike mwenye mimba hubaki nazo wakati wa baridi, chakula kinapogombaniwa chini ya theluji.

Hatua ya pili ni ya muda, nayo haichukui nafasi kubwa: uliza silaha huota lini. Chonge za nyani dume hurefuka anapopevuka na kuzipita kwa mbali za jike. Kiungo cha kujikinga na mwindaji kingemfaa mtoto kwanza, kwa kuwa ndiye anayekamatwa kwa urahisi. Kinachosubiri balehe kinasubiri wapinzani.

Kisha tafuta pigano lenyewe, kwa macho yako au katika video, kwa sababu umbo la silaha hufuata namna inavyotumiwa. Kondoo dume wa milimani hugonganisha vichwa, na pembe zao ni nzito na zimejikunja. Tandala huzifunganisha pembe, wakasukumana na kupindana shingo, na msokoto huzizuia zisiteleze. Hesabu pia vitisho, si mapigo peke yake. Kulungu wekundu wa kisiwa cha Rum, Uskoti, hunguruma kwanza kwa zamu, kisha madume wawili hutembea sambamba wakikaguana, na ni pale tu kila mmoja anapokataa kuondoka ndipo pembe hufungana. Mtazamaji anayesubiri damu atarudi na daftari tupu, ingawa ushindani wote umepita mbele yake.

Ushahidi mzito zaidi hutoka katika vipimo, na hapa ndipo wengi huteleza. Usipime dume mmoja wa kupendeza. Pima madume kadhaa, makumi yao ukiweza, wadogo kwa wakubwa. Chukua kipimo kimoja cha mwili kisichohusika na silaha, kama upana wa gamba la mgongo, na kipimo cha silaha, kisha vyote viwili uviandike kwa logarithimu na kuvichora kwenye grafu. Vipimo vyote viwili vikiwa vya urefu au upana, mteremko wa 1 unaonyesha kwamba silaha hukua sawasawa na mwili. Unaozidi 1 unaonyesha kwamba madume wakubwa wana silaha kubwa kupita uwiano wa miili yao. Fanya hivyohivyo kwa mguu au kiungo kingine cha kawaida, maana vipo viungo visivyo silaha ambavyo navyo huzidi 1, na bila kulinganisha utakuwa umethibitisha kisichokuwepo. Mfano mzuri wa kuanzia ni wale kaa wa fukwe za matope ambao dume ana gando moja kubwa linaloweza kukaribia nusu ya uzito wake na jingine dogo la kulia chakula, wakati jike ana mawili madogo.

Kwa nini silaha itofautiane hivyo kati ya dume na dume? Katika mbawakawa wa Asia aitwaye Trypoxylus dichotomus, mwenye pembe kubwa yenye panda kichwani, tishu inayounda pembe huitikia zaidi ishara za insulini, homoni inayofuata kiwango cha lishe, kuliko ile inayounda mabawa. Buu aliyeshiba hutoka na pembe ndefu, aliyekosa lishe hutoka na kibutu. Pembe basi ni taarifa ya hali ya mwili ambayo ni vigumu kuighushi, ingawa haishindikani: katika baadhi ya kaa wale wa gando moja kubwa, gando lililoota upya baada ya la kwanza kung'oka huwa refu lakini jepesi na dhaifu. Kwa hiyo usipime urefu peke yake.

Grafu ikikataa kuwa mstari mmoja, usiilazimishe. Kwa mbawakawa wa jenasi ya Onthophagus, ambao majike wao huchimba mashimo chini ya mavi, dume mkubwa mwenye pembe hulinda mlango wa shimo, na dume mdogo asiye na pembe huchimba njia ya pembeni na kumfikia jike kwa siri. Hayo ni makundi mawili yenye mbinu mbili.

Ukubwa wa mwili hupimwa kwa uwiano: gawanya uzito wa wastani wa madume waliokomaa kabisa kwa ule wa majike. Dume wa sili tembo wa kusini, mnyama wa bahari za baridi, anaweza kupita kilo 3,000, na jike kwa kawaida huwa kati ya kilo 400 na 900. Gorila dume ana takriban mara mbili ya uzito wa jike, na giboni, sokwe wadogo wa Asia ambao huishi wawili wawili, dume na jike, karibu hawatofautiani. Uliza kila mara iwapo dume anaweza kuwahodhi majike. Sili tembo jike hukusanyika ufukweni kuzaa, na dume mmoja mwenye nguvu huweza kuwazuia wengine wasiwakaribie. Majike waliotawanyika hawalindiki, na misuli ya kuwalinda ingekuwa hasara.

Jike akiwa mkubwa zaidi, usikimbilie kusema kanuni imepinduka. Kwa buibui wengi wanaofuma tando kubwa, jike ni mkubwa kwa sababu mwili mkubwa hubeba mayai mengi. Wapo hata hivyo ndege wa vidole virefu wanaotembea juu ya majani ya yungiyungi, ambao dume ndiye huatamia mayai na kulea, na jike, aliye mkubwa zaidi, hupigana na majike wenzake kugombania eneo na madume. Hao ndio walioshikwa na kanuni ya Trivers kikamilifu.

Kabla ya kuandika hukumu, chunguza pia historia ya uwindaji. Katika hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vya mwaka 1977 hadi 1992 viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya tembo, wengi wakiuawa kwa ajili ya pembe za ndovu, na sehemu ya majike wasio na pembe ikapanda kutoka chini ya asilimia 20 hadi karibu nusu. Jeni inayohusika inaelekea kuwaua madume kabla ya kuzaliwa, hivyo asiyekuwa na pembe pale ni jike daima. Mgeni akifuata hatua ya kwanza peke yake ataona madume wote wana silaha na majike wengi hawana, ataandika kwamba madume wanagombania majike, na sababu halisi itakuwa bunduki.