Kabla ya kupanua matriki kuwa yunitari, jua unahitaji vipeo vingapi

Matriki T ya mraba yenye nomu (kiwango cha juu inachoweza kurefusha vekta) isiyozidi 1 hupanuliwa kuwa yunitari U (matriki isiyobadilisha urefu wa vekta) ya ukubwa maradufu: juu weka T na E, chini D na −T*. T* ni T ambayo safu mlalo zimegeuzwa kuwa safu wima, na namba changamano kuwa konjugeti zake; I ni matriki yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingine. D ni kipeuo cha pili cha I − T*T. E ni cha I − TT*. Ukizibadilisha nafasi D na E, U haiwi yunitari, isipokuwa T na T* zinabadilishana katika kuzidisha.

Wengi huishia hapo, halafu wanashangaa kona ya juu kushoto ya U² isipowapa T². Chukua T = 1/2. D na E zote ni √3/2, na U² inakuwa I kamili: kona hiyo inasoma 1, si T² = 1/4. Upanuzi huu unatunza T yenyewe tu, si vipeo vyake (T², T³ na kuendelea).

Ukitaka vipeo hadi N, tumia bloku (vipande vyenye ukubwa wa T) N + 1 kila upande. Kwa N = 2, safu mlalo ni: T, 0, E; kisha D, 0, −T*; kisha 0, I, 0. Sasa, kwa T = 1/2 ile ile, kona ya U² inatoa 1/4 sawasawa, ila ya U³ inatoa 7/8 badala ya 1/8. Vipeo vyote kwa pamoja kwa kawaida hudai nafasi isiyo na kikomo.

Kwenye kompyuta, I − T*T huweza kutoa thamani-aijeni (namba ambayo matriki huzidishia vekta bila kuihamisha kwenye mstari wake) kama −10⁻¹⁶ kwa sababu ya ukadiriaji, na kipeuo cha pili kikaharibika. Thamani ndogo hasi kama hizo zifanye 0 kwanza. Ikitoka −0.01, hilo si kosa la ukadiriaji: nomu ya T imezidi 1, igawanye T kwa nomu yake.