Kuandaa karatasi za kikao cha mahakama ya familia bila wakili

Nimefanya kazi dirishani kwenye masjala ya mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nikipokea nyaraka za ndoa, watoto na matunzo. Wengi wasio na wakili huja na madai ya kweli kabisa, ila karatasi zao zimevurugika kiasi kwamba hakimu hana muda wa kuyaona.

Kikao cha awali hakiamui nani mkweli. Hakimu au msuluhishi anatafuta mlipokubaliana, mnapobishana, na jambo lisiloweza kungoja hadi kesi isikilizwe. Kwa hiyo karatasi ya kwanza iwe ukurasa mmoja: namba ya kesi, majina kama yalivyo kwenye hati ya madai, tarehe za kuzaliwa za watoto, halafu yaliyokubaliwa, yanayobishaniwa na unachoomba.

Hapo kwenye unachoomba ndipo wengi hupotea. "Naomba haki itendeke" haimsaidii hakimu kuandika amri. Andika hivi: mtoto akae nami siku za shule, baba yake amchukue Ijumaa saa kumi na moja jioni, amrudishe Jumapili saa kumi na mbili jioni, ada tugawane nusu kwa nusu, mtoto akiugua, aliye naye amjulishe mwenzake siku hiyohiyo. Hakimu aweze kuyanakili maneno yako yakawa amri.

Ukidai matunzo, tengeneza jedwali la gharama za mwezi. Ada inayolipwa mara moja kwa mwaka igawanye kwa 12. Kodi ya nyumba mnayoishi watu wanne usiiweke yote kwa mtoto mmoja, weka fungu lake tu. Kila mstari uwe na risiti au taarifa ya benki nyuma yake. Na kipato chako kitaje chote, hata cha vibarua, kwa sababu hakimu akigundua kimoja kilichofichwa atayatilia shaka na yale ya kweli.

Kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli, kiandikwe kwa aya zenye namba, kila aya jambo moja, ulilolishuhudia mwenyewe, pamoja na tarehe. Usitie saini nyumbani. Saini mbele ya anayeruhusiwa kuapisha. Vielelezo, yaani nyaraka za ushahidi unazoambatanisha, vipe herufi, A, B, C, na kurasa zote namba, ili useme "kielelezo C, ukurasa wa 14" na kila mtu afungue palepale. Ujumbe wa simu uchapishe mazungumzo yote, namba na tarehe zikionekana. Mstari mmoja uliokatwa hauaminiki, na mwenzako ataleta uliobaki.

Tafadhali, usimwandikishe mtoto barua wala usimrekodi. Nimepokea barua zenye mwandiko wa mtoto mdogo na maneno ya mtu mzima, na zilimuumiza mtoto kuliko yeyote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa. Mwambie hakimu kwamba ungependa mtoto asikilizwe, naye ataamua ni kwa njia gani, pengine kupitia ofisa wa ustawi wa jamii.

Kama ulikimbia kipigo, uliza masjala namna ya kuficha anwani yako kabla hujawasilisha chochote, maana nakala ya kila ukurasa inakwenda kwa upande wa pili. Pitia vielelezo pia: anwani hujificha kwenye risiti ya shule, taarifa ya benki, kadi ya kliniki. Uliza hayo hata kama unaona aibu. Karani hawezi kukushauri uombe nini, lakini utaratibu anaujua na ni kazi yake kukueleza.

Toa nakala tatu: ya mahakama, ya mwenzako, na yako iliyogongwa muhuri. Angalia kanuni zinataka karatasi zimfikie mwenzako siku ngapi kabla ya kikao, kisha utunze uthibitisho kwamba alizipokea. Bila huo, kikao huahirishwa.

Amri ikishatolewa, omba nakala na uisome mstari kwa mstari. Jina lililokosewa herufi, tarehe isiyo sahihi, saa ya kumrudisha mtoto iliyosahaulika, viombe virekebishwe mapema, maana polisi au shule watafuata kilichoandikwa humo, si mlichokubaliana kwa mdomo.